Jua, Vidonge vya Vitamini D na Maradhi ya Tezi ya Shingo

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Wizara mbele ya wananchi wa Mwankoko, Mkoa wa Singida, wakati wa ziara ya ujumbe kutoka Visiwani. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, ambako suala lililoulizwa huko linaulizwa pia.)

Sisi watu wa visiwani, ambao maji ya chumvi yametuzunguka pande zote, tumefurahi kuonyeshwa visima vinavyoupatia maji baridi Mji wa Singida, na halikadhalika tumestaajabu kuona kwamba nanyi huku bara mna maziwa yenu ya chumvi, Singidani na Kindai. Kumbe tunafanana kuliko tulivyodhani.

Nilikuwa nimeandaa mazungumzo ya namna nyingine. Lakini jana jioni, tulipokuwa tukiagana, mama mmoja alinifuata na kunionyesha chupa ya vidonge aliyoletewa na mwanawe kutoka mjini. Akaniuliza, "Baba, mimi nina tezi ya shingo. Nimeambiwa hivi vya vitamini D vinaponyesha. Je, niache vile vya hospitali?" Nilimjibu papo hapo kwamba asiache, na kwamba leo nitalieleza jambo hili hadharani. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuyachukua maneno ya madaktari na kuyafikisha kwa wananchi bila ya kuyapunguza wala kuyaongeza. Na nina sababu ya kuyafikisha haya kwa uangalifu, kwani kosa la aina hii limewahi kupita mikononi mwangu mwenyewe.

Dada yangu mkubwa alipatikana na maradhi ya tezi ya shingo miaka kadhaa iliyopita. Tezi yake ilikuwa imechoka, haitoi homoni ya kutosha, na daktari akampa vidonge vya levothairoksini, kimoja kila asubuhi, akamwambia kwamba huenda akavimeza maisha yake yote. Neno hilo, "maisha yako yote", lilimkaa vibaya. Mwaka wa pili ndugu yetu aliyeko Muscat akamletea vidonge vya vitamini D. Yeye mwenyewe alikuwa amepimwa huko Oman, vitamini hiyo ikaonekana kuwa pungufu mno, akatibiwa na akajisikia vizuri. Kwa mapenzi, akagawana dawa yake na nduguye. Dada akaja kwangu na chupa, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa Kiingereza katika nyumba yetu. Nikamsomea maandishi ya ubavuni, yaliyosema habari ya mifupa na kinga ya mwili, kisha nikasema, "Hii haina madhara." Sikumwuliza anakusudia kufanya nini. Yeye alichukua neno langu kuwa ni ruhusa ya kubadilisha.

Baada ya miezi michache alianza kujifunika shuka katika joto la Kaskazi. Sauti ikawa nzito kama ya mtu aliyeamka usingizini, uso ukavimba, akawa anasahau sufuria motoni. Sisi tukasema ni umri. Siku alipoanguka uani ndipo tulipompeleka hospitali, na daktari aliuliza jambo moja tu la kwanza, "Vidonge vyako unameza?" Alirudishiwa dawa yake kidogo kidogo, na leo, alhamdulillahi, anapika mwenyewe. Mimi, Ofisa Habari, niliyeandika mamia ya matangazo ya afya, nilishindwa kumhabarisha mtu wa tumbo moja nami.

Sasa tuitazame tezi yenyewe. Iko mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, nayo ina umbo la kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamrisha mwendo wa mwili mzima: joto, mapigo ya moyo, choo, hedhi, uzito, na kukua kwa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Homoni hizo haziwezi kutengenezwa pasipo madini joto, ambayo mwili huyapata katika chakula na chumvi.

Tezi huweza kuharibika kwa njia zaidi ya moja, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Iko ile inayovimba kwa sababu ya upungufu wa madini joto, nayo ndiyo rovu waliyoijua wazee wetu. Lakini yako maradhi mengine ambayo asili yake ni kinga ya mwili kugeuka na kuishambulia tezi, mithili ya mlinzi aliyewekwa mlangoni akaanza kuwapiga wenye nyumba. Moja lilielezwa mwaka 1912 na daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyechunguza tezi za wanawake 4, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Katika maradhi ya Hashimoto tezi huliwa polepole hadi ikashindwa kazi, na hali ya mgonjwa huwa kama ile ya dada yangu. Jingine linaitwa kwa jina la Robert Graves wa Dublin, aliyelieleza mwaka 1835. Hili humfanya mtu awe kinyume kabisa: tezi hutoa homoni kupita kiasi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda ilhali mtu anakula, na kwa baadhi yao macho hutokeza nje. Maradhi yote mawili huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Si uchawi, wala si jicho la mtu.

Basi vitamini D imeingiaje humu? Imeingia kwa hoja yenye maana, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba wanaoizungumza ni matapeli wote. Zamani ilijulikana kuwa ni vitamini ya mifupa, ambayo mtoto akiikosa hupata matege. Baadaye ilidhihirika kwamba chembe za kinga ya mwili nazo zina vipokezi vya vitamini hiyo, yaani zinaisikiliza. Kisha watafiti wa nchi mbalimbali wakapima damu za wagonjwa wa Hashimoto, wakaona kwamba wengi wao wana vitamini D kidogo kuliko watu wazima wa afya. Mtu akisikia hivyo hukata shauri haraka: kilichopungua kiongezwe, maradhi yaondoke.

Lakini nyumba yenye mgonjwa aghalabu huwa imefungwa madirisha, na haitujuzii kusema kwamba madirisha ndiyo yaliyomwuguza. Mtu aliyechoka kwa maradhi ya tezi hukaa ndani, halipati jua, na vitamini yake hushuka. Kipi kilitangulia? Njia ya kujua ni kuwagawa watu kwa kura, hawa wapewe vitamini na wale wapewe kidonge kisicho na kitu, kisha wangojewe.

Jaribio kubwa la namna hiyo lilifanyika Marekani, likaitwa VITAL, na matokeo yake kuhusu maradhi ya kinga kujishambulia yalichapishwa mwaka 1922 na 100 juu yake, yaani 2022. (Hapa watu walicheka, nami niliwaambia kwamba ndivyo tulivyofundishwa kuhesabu skuli.) Watu 25,871 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walishiriki kwa muda wa miaka 5 na ziada. Waliopewa vitamini D, yuniti 2,000 kila siku, walipata maradhi ya aina hiyo kwa uchache wa asilimia 22 kuliko wenzao. Ni habari njema, nami sitaificha. Ila tuisome vizuri. Hesabu yenyewe ilikuwa wagonjwa wapya 123 upande mmoja na 155 upande wa pili, katika maelfu yote hayo. Ilijumlisha maradhi mengi ya kinga kwa pamoja, yakiwemo ya viungo na ya ngozi, na nafuu kwa tezi peke yake haikuthibitika. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba jaribio hilo liliuliza juu ya kuzuia maradhi kwa wasiokuwa nayo. Halikumwambia aliyekwisha kuugua kwamba atapona.

Kwa waliokwisha kuugua, mwaka 2023 madaktari wa Denmark walichapisha jaribio lao juu ya wagonjwa wa Graves. Walio katika dawa za kawaida waliongezewa ama vitamini D ama kidonge kitupu, na maradhi yaliporudi baada ya dawa kusimamishwa, waliokuwa wamepewa vitamini hawakuwa katika hali bora kuliko wenzao. Kwa wagonjwa wa Hashimoto yako majaribio madogo madogo ambayo baadhi yake yameonyesha kwamba kingamwili zinazoishambulia tezi hupungua katika damu. Kupungua kwa hesabu kwenye karatasi ya maabara ni jambo moja, na tezi iliyoharibika kurudi kufanya kazi ni jambo jingine. Hili la pili halijaonekana. Dawa ya tezi iliyoshindwa kazi imebaki kuwa ni homoni yenyewe, yaani levothairoksini.

Nije sasa kwenye jua, maana nyinyi wa Singida mna ushahidi wenu. Vitamini D mwili huitengeneza wenyewe pale miale ya jua inapogusa ngozi, na chakula huleta sehemu ndogo tu, kama vile mayai na samaki wenye mafuta. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu za Wamasai na Wahadzabe, hao Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ambao baadhi yao wamo ndani ya mkoa wenu huu, katika Wilaya ya Mkalama. Watu hawa hawajapata kumeza kidonge cha vitamini D. Wahadzabe walikutwa na wastani wa nanomoli 109 kwa lita, na Wamasai 119. Katika nchi nyingi, daktari akiona 50 huridhika. Na si kwamba watu hao hujianika. Watafiti waliandika kwamba wao huishi nje sehemu kubwa ya mchana lakini hukwepa jua kali wanapoweza, wakakaa kivulini. Ngozi yao ni nyeusi kama zetu, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuitengeneza vitamini hiyo. Hata hivyo maisha ya nje yaliwatosha.

Kwa hiyo mkulima wa Mwankoko anayetoka na jembe asubuhi, na mama anayekwenda kisimani, hawana haja ya kuuza kuku kwa ajili ya chupa ya vitamini D. Hata Marekani, chama cha madaktari wa homoni kilitoa mwongozo mwaka 2024 kwamba mtu mzima mwenye afya aliye chini ya miaka 75 hana haja ya kumeza zaidi ya kile kiasi cha kawaida cha kila siku, wala hana haja ya kupimwapimwa.

Wako wanaohitaji kweli. Ndugu zetu walioko Uingereza huishi katika nchi ambayo kuanzia Oktoba hadi Machi jua lake haliwezi kufanya kazi hiyo, na Serikali ya huko huwashauri watu wote wafikirie kumeza yuniti 400 kwa siku majira hayo, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Oman na nchi za Ghuba jua ni kali kupita letu, lakini upungufu ni mwingi, kwa kuwa joto huwafungia watu ndani penye viyoyozi, nao hutoka katika magari na nguo za kusitiri. Ndiyo maana ndugu yetu wa Muscat alipewa dawa kwa haki. Na kwetu visiwani na hata mijini bara, mzee asiyetoka chumbani, mfanyakazi wa ofisi wa alfajiri mpaka magharibi, na mama wa kukaa ndani muda wote wanaweza kuwa katika hali hiyo hiyo. Kusitiri mwili si tatizo. Uani pana jua, na uso na mikono ikilipata kila siku huwa ni kheri kubwa.

Mgonjwa wa tezi ambaye daktari amempima na kumkuta na upungufu wa vitamini D, na ameze, kwa ajili ya mifupa yake na afya yake kwa jumla. Atavimeza pamoja na dawa ya tezi, si badala yake. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawaambiwi. Vidonge vingi vya vitamini D huuzwa vikiwa vimechanganywa na kalisi, na kalisi ikikutana tumboni na levothairoksini huizuia isiingie mwilini. Mgonjwa humeza dawa yake kila siku na bado hapati nafuu, akasema dawa ni mbovu. Levothairoksini imezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Na vidonge vyenye kalisi au vya kuongeza damu vingoje saa 4. Katika mwezi wa Ramadhani saa hubadilika, basi mgonjwa apange na daktari wake kabla ya mfungo, asijipangie. Vile vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini navyo huweza kuvuruga majibu ya kipimo cha tezi; anayevitumia amweleze mpimaji.

Vitamini D ikizidi huwa sumu. Vile vidonge alivyoletewa dada yangu vilikuwa vya yuniti 50,000, vya kumeza kimoja kwa wiki, ilhali kiwango cha juu kinachokubalika kwa mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari ni yuniti 4,000 kwa siku. Aliyekosea akavimeza kila siku kwa muda mrefu, kalisi hujaa katika damu, ikaleta kiu isiyokwisha, kufunga choo, kuchanganyikiwa, na figo kuharibika.

Limebaki la chumvi, ambalo ndilo lililotuleta. Nimelichelewesha kwa makusudi, kwa sababu mtu mwenye uvimbe wa shingo akikimbilia vitamini D huweza kulisahau. Katika miaka ya 1980 robo ya watoto wa skuli wa Tanzania Bara walikuwa na uvimbe wa tezi. Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha ikaagiza chumvi itiwe madini hayo, na uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta uvimbe umeshuka hadi asilimia 7 hivi. Sisi wa visiwani tulikuwa tukitazama kwa mbali. Tulisema, "Hayo ni maradhi ya milimani. Sisi tunakula samaki." Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ukatuaibisha: watoto wenye uvimbe walikuwa asilimia 21.3 Unguja na asilimia 32 Pemba. Kaya zilizokuwa na chumvi yenye madini joto zilikuwa asilimia 63.5 Unguja, na Pemba asilimia 1 tu. Watu walikuwa wakila chumvi ya mashamba yao ya pwani wakidhani bahari imekwisha kuitia kila kitu, na kumbe maji ya bahari yakianikwa yakawa chumvi, madini joto yanayobakia ni machache mno. Sisi tuliitegemea bahari kwa jambo ambalo haikuwa nalo. Basi na nyinyi mnaotumia chumvi ya ziwani, au mnayoinunua mnadani bila ya pakiti, msiitegemee mpaka ipimwe. Mama mjamzito hasa asiingojee.

Chumvi yenye madini joto iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu na jua. Nayo isizidishwe kwa kudhani kwamba nyingi ni bora, kwani madini joto yakipita kiasi nayo huweza kuichokoza tezi, hasa kwa wale ambao kinga yao imekwisha kugeuka.

Mwenye uvimbe, au mwenye dalili nilizozitaja, aombe kipimo cha damu ambacho madaktari hukiita TSH. Zahanati haina, lakini mganga wa zahanati anaweza kuandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Akishaanzishiwa dawa arudi kupimwa baada ya wiki 6 hadi 8, maana dozi ya kwanza mara nyingi si dozi ya mwisho, na mwanamke akipata mimba arudi upesi bila ya kungoja tarehe.

Yule mama wa jana yuko hapa, nimemwona, na ameniuliza tena aifanye nini ile chupa. Nimeisoma mara hii mpaka maandishi madogo ya chini: ina kalisi. Nimemwomba asiitupe. Aifunge katika kitambaa pamoja na vidonge vyake vya hospitali, aende navyo vyote siku yake ya kliniki, avimwage juu ya meza ya daktari.